Ayala Anaendelea Vizuri

Asubuhi moja juma lililopita nilipewa kitambaa, chupa ya mafuta ya mbao na ngazi fupi, nikaambiwa nipande nifute vumbi kichwa cha mnyama. Kazi yangu ni usafi, katika mkahawa mmoja katikati ya jiji la Sydney, kabla wateja hawajaanza kuingia. Kichwa hicho kimetundikwa ukutani, kina macho ya kioo na pembe pana kama viganja viwili vilivyofunguliwa. Siku zote nilikuwa nikipita chini yake bila kuinua uso, na msimamizi wangu hakulijua hilo. Nilipanda. Nikafuta masikio, nikamaliza masikio, nikarudia masikio. Mwishowe ikabidi nishike pembe, na kidole changu kikafika pale chini kabisa, pembe inapotokea kichwani, penye pete ngumu yenye vipele kama ganda la fenesi. Harufu ya mafuta ya mbao ikapotea. Nilichonusa ni majani yaliyokaushwa na jua, nyuma ya nyumba yetu ya kwanza, Mount Druitt. Nikashuka kabla sijamaliza upande wa pili.

Tangu siku hiyo naandika haya, mistari michache kila nikitoka kazini. Naandika polepole. Kuandika Kiswahili nilifundishwa katika kambi ya wakimbizi, chini ya turubai, na elimu iliyokaa kichwani mwangu ni ya shule ya msingi tu. Sekondari ya hapa nilikalia kiti tu. Kuongea nako sikujaliwa. Lakini najua mko wengi wa umri wangu mliokuja na wazazi mkiwa wadogo, mkashikishwa simu muongee kwa niaba ya watu wazima. Nyinyi sihitaji kuwaeleza sana.

Nilipewa jina la mama yake baba, Wabiwa, kwa hiyo baba hakuwahi kuniita mwanangu. Aliniita mama. "Mama, niletee viatu." "Mama, umekula?" Mimi nilimwita papa, kama watoto wote wa Kikongo. Kanisani kwetu, Merrylands, watu wazima walimwita Papa Veterineri, kwa sababu kule Fizi, Kongo, kabla vita havijatutoa, alikuwa mganga wa mifugo. Alitembea kwa miguu milima na mabonde akiwachoma sindano ng'ombe na mbuzi wa watu. Hapa alikuwa akipanga maboksi kwenye ghala. Jina lilivuka bahari pamoja naye, ng'ombe hawakuvuka.

"Papa Veterineri, ng'ombe wa Sydney wanasemaje?" mzee mmoja alikuwa akimtania kila Jumapili.

"Wako ndani ya friji," papa alijibu. "Hao wamenishinda kutibu."

Watu walicheka, naye alicheka. Kwenye treni ya kurudi alikaa akitazama viganja vyake.

Alikuja na vitu vitatu vya kazi yake: koti jeupe, ambalo yeye aliliita bluzi, daftari lenye jalada gumu, ambalo aliliita kaye, na kipimajoto cha ng'ombe, kirefu kuliko cha watu. Mama yangu hakuacha kumkumbusha kwamba katika kilo chache tulizoruhusiwa kwenye ndege, aliacha sufuria nzuri akabeba kipimajoto kisichoingia mdomoni mwa mtu.

"Hakikuumbwa kwa ajili ya mdomo," papa alisema.

Nyuma ya nyumba palikuwa na uzio wa mbao ulioinama. Ng'ambo ya uzio palikuwa na majani marefu, kisha kijito ambacho wakati wa joto kilibaki madimbwi tu. Jioni moja, jua likiwa bado juu, nilikuwa naanika nguo nikasikia majani yakitafunwa. Niligeuka. Mnyama alikuwa amesimama kwenye majani, rangi ya chai ya maziwa, mgongoni ana madoa meupe kama aliyenyunyiziwa unga. Alinitazama huku taya likizunguka. Sikupiga kelele, mimi si mtu wa kupiga kelele. Nilirudi kinyumenyume hadi mlangoni nikasema, "Papa. Swala."

Papa alitoka na soksi za kazini. Alisimama muda mrefu.

"Si swala," alinong'ona. "Tazama madoa. Huyu ni kulungu. Tena dume."

Mama akachungulia kwenye dirisha la jikoni, mwiko wa bugali mkononi. "Huyo ni ayala."

"Ayala ni neno la kanisani. Hakuna veterineri aliyewahi kumchoma ayala sindano."

"Aliyemwandika alimwona kwa macho."

"Alimwonea kwao. Hapa ni Mount Druitt."

Mdogo wangu Dieudo, aliyekuwa na miaka mitano, anayeelewa Kiswahili chote lakini anajibu Kiingereza, akasema huyo ni mnyama wa kuvuta gari la Krismasi, akauliza wenzake wako wapi.

Mimi nilikuwa nimeduwaa kwa jambo jingine. Miaka yote nilipomsikia mchungaji akisoma habari za ayala anayetamani maji, nilidhani Ayala ni jina la mwanamke. Nilidhani ni mkimbizi kama sisi, aliyepanga foleni ya bomba kambini, maji yakakatika kabla zamu yake haijafika. Nilikuwa hata nimempa sura na kitenge. Sasa mama ananiambia Ayala ana miguu minne. Sikumwambia mtu.

Mnyama akawa anakuja kila baada ya siku mbili tatu, na papa akawa anarudi kutoka kazini akitembea haraka. Ndipo nilipomjua baba yangu kama walivyomjua watu wa Fizi. Aliweka kiti cha plastiki kwenye uzio, akaniweka mimi juu ya kiti, yeye akasimama kando na kaye.

"Mama, tazama kwato. Ngapi?"

"Mbili kila mguu."

"Voilà. Zimegawanyika. Na taya?"

"Linatafuna, lakini hajala kitu."

"Anacheua. Anarudisha chakula kutoka tumboni akitafune tena. Kwato zimegawanyika na anacheua: basi ni ndugu wa ng'ombe, wa mbuzi, wa kondoo, wa kulungu. Ukimfungua mdomo, mbele juu hutakuta meno. Ukimfungua tumbo, utakuta vyumba vinne. Magonjwa yao nayo ni ya ukoo mmoja."

Kisha alinitajia magonjwa kama watu wanavyotaja wajomba zao: kimeta, chambavu, ndigana, homa ya mapafu, ugonjwa wa miguu na midomo. Alinifundisha kumsoma mnyama kwa mbali. Pua ikiwa na unyevu ni heri. Masikio yakilala ni shari. Manyoya yakisimama kama ya kuku aliyenyeshewa, ana homa au minyoo. Alinituma kuvuka uzio nikaokote mavi yake kwa mfuko wa plastiki, nikaona ni punje nyeusi kama za mbuzi, papa akazipasua kwa kijiti akitabasamu. "Tumbo zuri. Natamani kila mtu kanisani awe na tumbo hili."

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Pembe za yule mnyama zilikuwa zimevaa ngozi. Ngozi yenye manyoya laini, kama ya pua ya ndama. Tena zilikuwa zinakua kwa haraka ya ajabu. Shule zilipofungwa kwa Krismasi zilikuwa kama ndizi mbili, zilipofunguliwa zilikuwa zimepanuka kama viganja.

"Pembe ya ng'ombe ingechukua miaka," papa alisema. Aliandika kwenye kaye, akatia alama ya kuuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu mzima anaiandika alama hiyo bila kulazimishwa na mwalimu.

Halafu likaja lile joto la mwanzo wa muhula, wakati hata kasuku weupe wanakaa kwenye nyaya midomo wazi. Nilirudi kutoka shuleni, nikapita nyuma, na mnyama alikuwa pale. Alikuwa akisugua kichwa kwenye mti mdogo kwa nguvu hadi mti unatetemeka. Alipokiinua, ngozi ya pembe ilikuwa imechanika. Ilining'inia vipande vipande kama tepe, virefu, vyekundu, kimoja kimemfunika jicho. Damu ilikuwa imetiririka hadi shavuni. Chini ya ngozi palionekana kitu cheupe chenye madoa ya damu, nami nikajua kwamba ni mfupa. Kisha akafanya jambo ambalo bado naliota: alitoa ulimi, akaukamata ule utepe wa ngozi yake mwenyewe, akaula.

Nilikaa chini kwenye majani hadi papa aliporudi.

Alimchunguza. Alinipa kaye niandike, akataja moja moja kwa sauti ya kazi. Pua: ina unyevu. Masikio: yamesimama. Kuchechemea: hapana. Kutoa mate: hapana. Kuhara: hapana. Hamu ya kula: ipo. Pembe: ngozi imekufa, inatoka, damu, nzi.

"Sijawahi kuona," alisema. "Mwili wote mzima, kichwa kinaoza. Nzi watataga mayai pale, kesho funza, funza wataingia kichwani. Na kama ni ugonjwa wa kuambukiza, utamaliza kundi lote."

"Utampa dawa?"

"Dawa gani, mama? Hapa hata ya kuku siruhusiwi kununua." Alitazama nyumba, akatazama uzio. Kisha uso wake ukapata nguvu. "Lakini hii ni nchi yenye serikali. Serikali yenye barabara kama hizi haikosi veterineri wa porini. Lete simu."

Kwenye friji palikuwa na karatasi ya namba za ofisi mbalimbali tuliyopewa tulipofika. Papa alipiga, akaniwekea simu sikioni. Mnajua ile hali. Mtu mzima amesimama mbele yako anatazama mdomo wako.

Mwanamke alipokea, sauti yake nzuri. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha darasa la tano. Akauliza mnyama gani, nikataja jina ambalo Dieudo alilitumia kwa wanyama wa Krismasi. Akauliza kama ni wa porini.

"Wamesema nini?" papa akauliza.

"Kama ana mwenyewe."

"Hana mwenyewe. Waambie ni mgonjwa. Sana. Waambie yaweza kuwa inaambukiza."

Nikasema ni mgonjwa sana. Nikasema inaambukiza. Sikulijua neno la "yaweza kuwa", nikaliruka.

Mwanamke akaandika anwani yetu, kisha akasema maneno machache ambayo nikiyageuza leo ningesema: tutamshughulikia. Neno hilo hata kwa Kiswahili lina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Askari akikuambia atakushughulikia, huendi kuoga ukamsubiri. Lakini kwa Kiingereza mimi nilikuwa nimelisikia mahali pamoja tu, kwa mwalimu wetu, alipotuomba tumshughulikie sungura wa darasa, tumpe maji na karoti.

"Watamtunza," nikamwambia papa.

Papa alifumba macho. "Washukuru."

Nikashukuru.

"Mara ya pili."

Nikashukuru mara ya pili. Mwanamke akacheka kwa upole, akasema sisi ni familia nzuri.

Jioni hiyo papa alitoa bluzi sandukuni, akaifua kwa mkono, mama akaipiga pasi. Aliandika ukurasa mzima wa uchunguzi kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa kupanga, wa kumpa mwenzake wa kazi. Kisha akawaza: mnyama akienda mbali, watamtibu vipi? Madimbwi ya kijito yalikuwa yamebaki matope. Papa akachukua beseni letu la bluu la kufulia, akalijaza maji, akalibeba hadi ng'ambo ya uzio, akaliweka mahali peupe panapoonekana vizuri kutoka barabarani.

"Ayala na maji yake," mama alisema, akamtazama papa kwa jicho la ushindi.

"Kulungu naye hunywa," papa alisema.

Mnyama alikuja kesho yake asubuhi akanywa. Na asubuhi iliyofuata. Alipata mazoea.

Jumamosi walikuja wanaume wawili, gari lao lina turubai nyuma. Mmoja mzee mwenye ndevu nyeupe, mmoja kijana. Papa alitoka akiwa amevaa bluzi juu ya suruali ya kanisani, mkononi ana ile karatasi. Mimi nyuma yake.

"Waambie mimi ni mwenzao."

Niliwaambia baba yangu ni daktari wa wanyama. Mzee mwenye ndevu alimtazama papa toka juu hadi chini, hakucheka, namshukuru hadi leo. Alipokea karatasi kwa mikono miwili, akasoma mistari asiyoielewa, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Kisha akainama usawa wangu. Alisema wanyama hawa si wa nchi hii. Waliletwa kutoka ng'ambo zamani, wakazaana, sasa ni wengi mno, na huyu kwa kuwa ni mgonjwa, ndiyo bora zaidi. Aliyasema kwa huruma. Mimi nilitazama viatu vyangu. Alisema tuingie ndani, tufunge madirisha, haitachukua muda, wala hatahisi maumivu.

"Anasema nini?"

"Anasema tuingie ndani."

"Mimi pia? Muulize kama anahitaji mtu wa kumshika."

Kijana alikuwa amefungua mlango wa gari. Alitoa begi refu, jembamba. Niliona, na papa naye akaona. Ningeweza kusema, papa, sio kutunza, nilikosea. Ningeweza kumwambia yule mzee kwamba sijui kama inaambukiza, nililiruka neno. Nilikuwa na lugha mbili na zote zilinikauka. Mnyama alikuwa kwenye beseni, kichwa chini.

Papa akanishika bega. "Ni sindano ya mbali," alinieleza, sauti yake ikiwa juu kidogo. "Wanyama wa porini huwezi kuwakaribia, sindano hupigwa kwa bunduki, mnyama analala, ndipo unamtibu. Nilisoma habari hiyo. Sivyo, mama? Wamesema hivyo?"

"Wamesema hatahisi maumivu."

"Voilà."

Tuliingia. Mama alifunga dirisha la jikoni. Mlio ulikuwa mmoja, mdogo kuliko nilivyotazamia, kama mlango unaofungwa na upepo. Kasuku weupe wakaruka wote kwa pamoja, wakipiga makelele. Dieudo akauliza kwa Kiingereza kama amelala. Papa akamjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo, amelala.

Gari lilipoondoka papa alienda kuchukua beseni. Lilikuwa limepinduka. Alilisuuza kwa bomba la nje, kwa muda mrefu, akaliegemeza ukutani likauke.

"Amemwaga maji," alisema.

Jumatatu alirudi kutoka kazini akanipa simu. "Piga uulize mgonjwa anaendeleaje."

Nilienda nayo pembeni ya kochi, nikabonyeza bonyeza, nikaiweka sikioni. Hakukuwa na mtu upande wa pili. Niliongea Kiingereza na ukimya, nikanyamaza kama anayesikiliza, nikaongea tena. Kisha nikasema, "Anaendelea vizuri."

"Washukuru."

Nikashukuru mara mbili.

Aliniuliza tena juma lile, na lililofuata. Nilijifunza kuongeza vitu: anakula, homa imeshuka, pembe zinapona. Nilikuwa mtoto ambaye darasani hakuinua mkono hata akijua jibu, na hapo nilikuwa natunga daktari mzima wa kike mwenye sauti nzuri.

Kati ya simu hizo, siku moja maktaba ya shule ilinipa kitabu nisichokitaka. Mwalimu wa maktaba alijua napenda kukaa na vitabu vya wanyama kwa sababu havina maneno mengi. Nilifungua, nikamkuta yeye: madoa mgongoni, ngozi imechanika, damu, utepe umefunika jicho. Nilidhani ni ukurasa wa magonjwa. Mwalimu wa maktaba akanisomea polepole. Kiingereza, akasema, kina maneno mawili ya pembe. Kuna ile ya ng'ombe, ya mbuzi, ya swala: ganda gumu juu ya mfupa, mnyama hufa nayo. Na kuna ile ya huyu: mfupa mtupu, unaoota upya kila mwaka, na unapoota huvikwa ngozi yenye damu ya kuulisha. Ukikomaa, ngozi hufa, mnyama huisugua kwenye miti aitoe, hata huila. Baadaye pembe yenyewe huanguka, na mwaka unaofuata huota nyingine. Ni ukoo mwingine kabisa. Kitabu kilisema hata nyongo wengi wao hawana.

Kwetu zote ni pembe. Papa alikuwa na neno moja, na kwa neno hilo moja alisoma alichokisoma. Yule mnyama alikuwa anamaliza kuvua nguo za utoto. Kila tulichoandika siku ile kilikuwa kweli: pua ina unyevu, masikio yamesimama, hamu ya kula ipo. Mambo yakamtumbukia nyongo yeye asiye na nyongo.

Nilikiazima kile kitabu. Kilikaa ndani ya begi langu hadi siku ya kurudisha, nikibeba kwenda na kurudi. Kila jioni papa alipokuwa akivua buti za ghala nilijiambia, leo. Kisha ningemwona akienda kwenye uzio, anapanda kile kiti cha plastiki, anatazama majani. Ningeanzia wapi? Kwamba wamemuua? Kwamba mimi ndiye niliyesema inaambukiza? Au kwamba hakuwa mgonjwa, na Papa Veterineri wa Fizi, aliyeacha sufuria akabeba kipimajoto, alimtazama mnyama mzima kabisa akamwona mgonjwa? Jambo la tatu ndilo lililonifunga mdomo. Mawili ya kwanza yalikuwa yangu, ningeweza kupigwa yakaisha. Nilikirudisha kitabu.

Baridi ilipoingia papa aliacha kuuliza. Kaye akairudisha sandukuni. Majani ya kijitoni yalikuja kufyekwa, pakajengwa nyumba, nasi tukahamia mtaa mwingine, Mount Druitt hiyo hiyo. Kanisani bado wanamwita Veterineri, ila vijana hawajui jina lilitoka wapi, wanadhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Siku ile niliposhuka kwenye ngazi mkahawani, nilikipiga picha kile kichwa. Sijui kwa nini. Jioni nikaenda nyumbani kwa wazazi. Mama alikuwa kazini kwa wazee anaowahudumia. Papa alikuwa kwenye kochi, mgongo ameuegemeza kwenye chupa ya maji ya moto, kwa sababu maboksi hayajawahi kuwa mepesi. Nilikaa karibu naye, na kwa kuwa kusema siwezi, nilimpa simu.

Alivaa miwani. Akaikuza picha kwa vidole viwili, kama Dieudo alivyomfundisha. Alienda moja kwa moja pale chini, kwenye ile pete.

"Huyu pembe zake zilikuwa zimekomaa," alisema. "Ngozi ilikuwa imeshatoka yote. Tazama, safi."

Niliinama nikatazama alipoonyesha.

"Ulijua lini, papa?"

"Hii ya ngozi? Miaka. Niliokota pembe moja kijitoni kabla hawajafyeka. Imeanguka yenyewe, haina damu, haina harufu. Niliigeuza geuza, nikaelewa." Alivua miwani, akaifuta kwa fulana, akaivaa tena. "Nikaitupa kwenye maji."

"Na ile nyingine, ya wale wa gari?"

Kidole chake kilikuwa bado kwenye picha.

"Simu haikuwa na vocha, mama," alisema. "Juma lile la kwanza. Ulipoenda pembeni ya kochi. Isingeweza kumpigia mtu."

Nilitaka kumuuliza basi kwa nini aliendelea kunipa ile simu, Jumatatu baada ya Jumatatu, hadi baridi ikaingia. Niliutafuta uchungu usoni mwake nikaukosa, na kuukosa kukaniuma zaidi. Papa alikuwa anahesabu ncha za pembe, midomo ikicheza bila sauti. Alipomaliza alinirudishia simu, akaegemea chupa yake, akafumba macho.

"Na huyu," akasema, "anaendeleaje?"

Nilitazama yale macho ya kioo.

"Anaendelea vizuri, papa."

"Washukuru."

Nikaiweka simu sikioni.